Tumkumbuke Manute Bol kama kocha wa watoto

Habari za Manute Bol zinaposimuliwa hapa Sherikat, Juba, huanzia kwenye urefu wake: sentimita 231. Kisha hufuata simba aliyemuua kwa mkuki alipokuwa akichunga ng'ombe, kisha meno yaliyovunjika kwenye pete ya goli alipojaribu kudanki kwa mara ya kwanza, kisha mitupo aliyoizuia Marekani. Kila msimulizi huongeza chake. Wazee wa Twic, watu wake, huongeza ukoo, vijana hutoa simu na kuonyesha video. Yote hayo ni haki yake na sina nia ya kumpunguzia hata moja. Ila ipo kazi nyingine aliyoifanya, isiyo na video wala takwimu, na naamini ndiyo iliyozaa matunda mengi kuliko zote. Aliwafundisha watoto wa wakimbizi kucheza mpira wa kikapu nchini Misri, wakati ambapo hakuna aliyewajali. Alikuwa kocha wa watoto, na ninataka tumkumbuke kwa jina hilo.

Vita vya pili vya Sudan vilianza mwaka 1983 na kumalizika mwaka 2005. Viliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili na kuwatawanya mamilioni wengine. Wengi wetu tulielekea kusini na mashariki, Uganda na Kenya, na ndiyo maana Kiswahili kinasikika leo katika maduka ya Sherikat. Wengine walielekea kaskazini, wakavuka hadi Misri. Miongoni mwao ilikuwamo familia ya Aldo Ajou Deng, mwanasiasa wa Kusini aliyejulikana Khartoum. Ilikuwa na watoto wengi, na mmoja wao aliitwa Luol, aliyezaliwa Wau mwaka 1985.

Kipindi hicho Manute alikuwa ameshajipatia jina. Washington Bullets walimchagua mwaka 1985, na katika msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, rekodi ya mchezaji mgeni katika ligi ya NBA. Mtu wa aina hiyo likizo yake ina wenyewe: wauza viatu, wapiga picha, marafiki wapya wa mjini. Manute alizipeleka siku zake kwa watu wake waliokimbia vita. Huko Misri alimfundisha Ajou, kaka yake Luol, namna ya kucheza mpira wa kikapu, na kwa Luol mwenyewe akawa kocha na mlezi. Ajou alikuja kucheza vyuoni Marekani. Luol alikuja kucheza NBA kwa misimu 15.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Katika maisha yake yote ya NBA, Manute alifunga pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086. Hakuna mchezaji mwingine katika historia ya ligi hiyo aliyezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Mtoto aliyemlea Misri alifunga zaidi ya pointi 13,000 na kuchaguliwa mara mbili, mwaka 2012 na 2013, kucheza mechi ya nyota wa ligi. Mwalimu hakuwa mfungaji, mwanafunzi akawa mfungaji. Wanaodhani kwamba kumfundisha mtoto ni kumhamishia ustadi ulio nao hawajakaa karibu na kocha wa kweli. Kocha wa watoto humpa mtoto sababu ya kurudi kesho. Akirudi kesho na keshokutwa, ustadi utamjia, hata ule ambao kocha mwenyewe hakuwa nao.

Na Manute alikuwa na kitu kingine, ambacho wachezaji wakubwa wengi hawana. Aliujua uchungu wa kuanza ukiwa umechelewa. Alikulia Turalei, katika jimbo tunaloliita leo Warrap, akiwa mchungaji wa ng'ombe. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa kijana mrefu tayari, Wau kwanza, baadaye Khartoum, ambako kijana wa Kusini alidharauliwa kila alipofungua kinywa. Mwaka 1982 alikuja Sudan kocha wa Kimarekani aliyeitwa Don Feeley kufundisha wachezaji wa nchi hiyo, akamwona Manute, akamshawishi aende Marekani. Alipofika huko hakukijua Kiingereza, na ilimbidi akisome kwa miezi mingi kabla ya kupata chuo cha kumchukua, kile cha Bridgeport. Mtu aliyekwisha kuwa mjinga mbele za watu, akajifunza, akafaulu, anajua namna ya kumtazama mtoto anayeukosa mpira kila unaporushwa. Hamcheki. Anaurudisha mpira mikononi mwake.

Najua wapo watakaosema kwamba ninamkuza. Watasema kwamba Manute alipita tu Misri, hakuwa na timu, hakuwa na filimbi wala cheti cha ukocha. Ni kweli. Lakini watoto wa ukimbizini hawana kawaida ya kutembelewa na mtu anayewajua kwa majina. Hutembelewa na magari yenye nembo na watu wenye karatasi za kuandikisha. Nilikulia Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 ili kuwapokea wavulana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan na Ethiopia, na ninaijua tofauti ya mtu mzima anayekuja kukuhesabu na mtu mzima anayekuja kucheza nawe. Huyo wa pili mtoto hamsahau hata akiwa babu.

Baadaye familia ile ilipata hifadhi Uingereza, ikakaa South Norwood, kusini mwa London. Hapo ndipo anapoingia kocha wa pili katika habari hii, mtu ambaye hapa Juba hajulikani kabisa, na ambaye Sudan Kusini ina deni kwake.

Anaitwa Jimmy Rogers. Alianzisha klabu ya Brixton Topcats mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mtaa uliokuwa umetikiswa na ghasia za Aprili 1981 kati ya polisi na vijana weusi. Baada ya moto kuzimwa, Serikali huunda tume, magazeti huandika, na wanasiasa hutembelea mtaa kwa siku mbili. Rogers alibaki. Mwaka hadi mwaka, katika kituo cha michezo cha Brixton, aliwapokea watoto ambao shule zilikuwa zimewachoka na barabara ilikuwa ikiwangoja. Luol alifika kwake akiwa mtoto, mkimbizi mrefu na mwembamba aliyekuwa bado anakitafuta Kiingereza. Rogers hakumfundisha mpira peke yake. Alimpa mahali pa kwenda kila jioni katika mji ambao haukumjua.

Rogers alifariki mwaka 2018. Waliomlilia walikuwa watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, waliowahi kuwa watoto mikononi mwake. Wengi hawakuwahi kulipwa hata senti moja kwa kucheza mpira wa kikapu, na hilo ndilo lenye uzito kwangu kuliko jina la Luol. Ukimpima kocha wa watoto kwa nyota aliyemtoa, utakuwa umepima mtoto mmoja na kuwaacha mamia. Wale mamia ndio kazi yenyewe. Mmoja ni dereva wa basi, mwingine ni muuguzi, mwingine aliponea chupuchupu kuingia gerezani, na kila mmoja ana jioni kadhaa anazoweza kuzitaja ambazo zisingekuwapo kama mtu yule asingefungua mlango.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia haraka. Luol alikwenda Marekani akiwa kijana mdogo, akasoma chuo cha Duke, akachaguliwa wa 7 katika NBA mwaka 2004, akaichezea Chicago Bulls kwa miaka mingi, akaichezea pia Uingereza katika Olimpiki ya London ya 2012. Alistaafu mwaka 2019. Mwaka huohuo akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini, shirikisho lisilokuwa na fedha, na gharama nyingi akazibeba kwa mfuko wake. Januari 2020 timu ilipokwenda Nairobi kutafuta nafasi ya AfroBasket, aliyekaa benchi kama kocha alikuwa yeye mwenyewe. Kenya iliwashinda. Algeria ilipojiondoa katika hatua iliyofuata, Sudan Kusini ikapewa nafasi yake, na baada ya hapo haikurudi nyuma. Katika Kombe la Dunia la 2023, mjini Manila, iliifunga Angola 101 kwa 78 na kukata tiketi ya Olimpiki ikiwa timu bora ya Afrika. Julai 20, 2024, mjini London, Marekani ya LeBron James iliponea kwa pointi moja, 101 kwa 100. Siku nane baadaye, katika mechi ya Olimpiki iliyochezwa Lille, Ufaransa, vijana wetu walisimama wakisubiri wimbo wao wa taifa, ukapigwa wa Sudan. Wakangoja. Ulipopigwa ulio wao, wakaingia uwanjani na kuifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Siku ile boda boda hapa zilipiga honi mpaka usiku, na watu wa makabila ambayo miaka michache kabla yalikuwa yakiuana walikumbatiana barabarani. Nililia, na sioni haya kulisema. Lakini shangwe ilipotulia, jambo moja lilibaki kunisumbua, na bado linanisumbua.

Tazama walikofundishwa vijana wale. Luol, kiongozi wao, Misri na Brixton. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum, akapitia Misri, akakulia Marekani. Wengine wamekulia Australia na Canada. Khaman Maluach, aliyekuwa na miaka 17 katika Olimpiki ile, alizaliwa Rumbek na kukulia Kawempe, Kampala. Alianza mchezo huu mwaka 2019 akiwa na miaka kama 13, akienda uwanjani kwa miguu. Mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 katika NBA. Kila mmoja kati yao alikutana na mtu mzima aliyemwambia njoo kesho, na karibu wote walikutana na mtu huyo nje ya nchi yao. Timu ilipokwenda Ufaransa, Sudan Kusini haikuwa na hata uwanja mmoja wa ndani wa mpira wa kikapu. Tulikuwa tumeishangilia kazi ya makocha wa Kampala, Melbourne na London, na makocha wetu wenyewe hatukuwa tumewatazama.

Hapo ndipo Manute anaponirudia akilini. Yeye hakuwa na nchi ya kufundishia. Alifundisha ugenini kwa sababu nyumbani kulikuwa kunaungua. Sisi tunayo nchi tangu Julai 9, 2011, na sababu aliyokuwa nayo Manute sisi hatuna tena.

Sherikat iko ng'ambo ya mashariki ya Nile. Ukivuka daraja kutoka mjini, ukaipita Gumbo, unakutana nayo kando ya barabara ya Nimule, ile ya kilomita 192 iliyowekwa lami kwa msaada wa Marekani na kukamilika mwaka 2012. Malori ya kutoka Uganda hupita hapa usiku na mchana yakileta unga, sukari, saruji na nyanya. Wamejaa hapa watu waliorudi kutoka kambini, waliokimbia vita vya Bor na Malakal, Waganda na Wakenya wa biashara, na wenyeji wa ardhi hii ambao ni Wabari. Watoto ni wengi mno. Saa kumi na moja jua likianza kupoa, utawaona wakitafuta mahali. Mahali penyewe huwa ni kiwanja cha mtu ambaye hajajenga bado, au uwazi nyuma ya kanisa, au ukingo wa barabara ambako mpira ukitoka unaingia chini ya lori.

Na palipo na watoto wengi kuliko mpira, utamkuta mtu mmoja mzima. Mara nyingi ni kijana wa miaka 20 na kitu aliyecheza kidogo kambini, Kakuma, Kiryandongo au Adjumani. Mchana ni mwalimu wa shule ya msingi, au mlinzi, au anaendesha boda boda. Mpira ameununua yeye. Ukipasuka, atauchangisha yeye. Anajua nani hajala tangu jana, nani ameacha shule, nani ameanza kuonekana na magenge ya vijana yanayotembea na mapanga usiku. Anazo jozi nne za viatu kwa watoto 30, na ana utaratibu wake wa kuzizungusha ambao hakuna mtoto anayeupinga. Hakuna ofisi inayojua jina lake. Akihamia kwingine, timu inakufa. Akifa yeye, watoto ndio hubeba jeneza pamoja na ndugu zake, na ndipo watu wazima wa mtaa hugundua kwamba alikuwepo.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Sisi ni watu wa kuheshimu msiba. Tunakaa matanga siku nyingi, tunachinja, tunasema maneno mazuri juu ya marehemu mpaka mjane anashangaa tulikuwa wapi. Kwa kocha wa watoto tunafanya hivyohivyo: tunamgundua akiwa ndani ya sanduku. Manute mwenyewe tulimfanyia hivyo. Alipokuwa hai na maskini, dunia ilimcheka.

Manute alitoa fedha zake zote, zinazokadiriwa kufikia dola milioni 3.5, kwa wakimbizi na kwa harakati za Kusini. Aliporudi Khartoum baada ya kustaafu, Serikali ilimtaka awe waziri wa michezo kwa sharti la kubadili dini, akakataa, na baadaye kuondoka Sudan kukawa taabu. Alifika Marekani mwaka 2002 akiwa mkimbizi, yeye aliyekuwa nyota hukohuko. Ili apate fedha za watoto wa Sudan, alikubali kupigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, mchezaji mnene wa futiboli ya Kimarekani. Alivaa viatu vya barafu vya timu ya magongo. Alivaa nguo za mpanda farasi. Watu walicheka na kulipa, naye akazipeleka fedha. Mwaka 2004 alivunjika shingo katika ajali ya teksi, na tangu hapo mwili haukumrudia sawasawa.

Sijui kama ipo picha ya heshima kuliko ile ya mtu mrefu kuliko wote akikubali kuchekwa ili mtoto asiyemjua apate daftari. Miaka yake ya mwisho aliitumia kujenga shule. Akishirikiana na shirika la Sudan Sunrise, alianza na Turalei, kijiji chake, na katika ujenzi ule walishiriki Waislamu kutoka Darfur bega kwa bega na Wakristo wa Kusini. Alikuwa na ndoto ya shule 41. Alikwenda nyumbani mara ya mwisho kwa ajili ya kazi hiyo, akabaki mpaka uchaguzi wa Aprili 2010, akaugua, na akafariki Juni 19, 2010 katika hospitali ya Virginia, akiwa na miaka 47. Uhuru ulikuja mwaka mmoja na siku 20 baadaye.

Kuna hoja ninayoisikia kila ninapolizungumza jambo hili, na inastahili jibu la kweli. Watu husema: walimu wa shule wamekaa miezi mingi bila mshahara, hospitali hazina dawa, watu wanakula mlo mmoja, na wewe unatuletea habari za mpira. Ninaielewa hoja hiyo, kwa sababu nami ninaishi humuhumu. Lakini inadhani kwamba kocha anashindana na mwalimu na muuguzi kwa shilingi ileile. Hashindani nao. Kocha wa Sherikat hajaomba mshahara. Ameomba mahali. Na mtoto wa miaka 13 asiyekwenda shule, kwa kuwa shule haina mwalimu, ana saa kumi na mbili za mchana za kujaza. Zitajazwa tu. Zitajazwa na kocha au na mtu mwingine, na sote tunamjua huyo mtu mwingine, tumekwisha kumzika yeye na aliowaua.

Nitasema pia lile ambalo makala za kusifu makocha hulikwepa. Mtu mzima anayeaminiwa na watoto wa watu ana nguvu kubwa, na nguvu hiyo imewahi kutumiwa vibaya, katika nchi tajiri na maskini. Mapenzi ya mtaa kwa kocha si kinga. Ndiyo sababu nasema kocha asiachwe peke yake gizani. Ajulikane, aandikwe, wazazi wafike uwanjani, shirikisho limpe mafunzo na kanuni, na awepo mama au mzee ambaye mtoto anaweza kumwendea na neno. Kumtazama kocha ni kumheshimu. Kutomtazama ndiko kunakomfungulia njia mbaya yule mmoja kati ya kumi, na kunakowaacha wale tisa wakivunjika moyo.

Kwa wasichana shida ni maradufu. Kocha wa kike, au kaka anayefundisha wasichana, hulazimika kwanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi baba na wajomba, kwa kuwa msichana mrefu wa miaka 15 hapa ana wanaomhesabia ng'ombe wa mahari. Kila jioni anayobaki uwanjani ni jioni aliyopiganiwa. Na matunda yapo: mwaka 2025, mjini Abidjan, timu yetu ya wanawake ilishiriki AfroBasket kwa mara ya kwanza kabisa na kurudi na medali ya shaba. Sikusikia honi nyingi usiku ule. Walistahili zilezile.

Basi tufanye nini kwa jina la Manute? Sanamu sizikatai. Uwanja mkubwa ukijengwa Juba na kupewa jina lake nitakwenda siku ya ufunguzi na watoto wangu. Lakini sanamu inamkumbuka Manute wa sentimita 231, na uwanja wa maelfu ya watazamaji unamkumbuka Manute wa Washington. Manute wa Misri anataka kitu kidogo na kigumu zaidi, nacho ni ardhi ya watoto.

Kila anayeishi upande huu wa mto anajua ugomvi wa ardhi ulivyo. Viwanja hupimwa, hupimwa tena, huuzwa kwa watu wawili, hulindwa na wenye bunduki. Katika mzozo huo wote sijawahi kumsikia mtu akigombea kiwanja cha watoto, kwa sababu watoto hawana hati wala bunduki. Wanacheza palipobaki, na kila mwaka panapobaki panapungua. Wamisionari wa Don Bosco pale Gumbo wanajua jambo hili kwa mapokeo yao, kwamba penye shule na kanisa lazima pawe na uwanja, na watoto kutoka mbali huenda kwao kwa sababu hiyo. Lakini mtaa mzima hauwezi kuegemea ukuta mmoja wa misheni.

Ombi langu kwa wakuu wa payam (tarafa) ya Rejaf, kwa machifu wa Kibari ambao ardhi ni yao, na kwa kamati za mitaa ya Sherikat ni hili. Kabla ya upimaji mwingine wowote, uwazi ambao watoto wanauchezea leo uingizwe kwenye ramani kama ardhi ya umma, uwekewe mipaka, na asiuziwe mtu. Hauhitaji lami wala taa. Nguzo mbili na pete mbili fundi wa kuchomelea wa hapa Sherikat atazitengeneza kwa siku chache. Kisha mtu aandike katika daftari la payam jina la kila kocha anayefundisha pale, umri wake, kazi yake ya mchana na idadi ya watoto wake, na daftari hilo lifikishwe kwa shirikisho, ili nafasi ya mafunzo ikitokea, au mipira ikiletwa kutoka nje, ajulikane wa kupelekewa. Makocha ninaowajua mimi wako tayari kujiandikisha hata kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini.